Gango la Ndama

Katika madarasa yetu neno mganga hufika likiwa limekwisha kuchafuka. Mwanafunzi wa Kampala, wa Kigali au wa Bujumbura akilisikia, mara humwona mtu mwenye tunguri na hirizi, apigaye ramli penye giza. Aghalabu mwalimu naye hulipita upesi, asije akazua mjadala asioutaka. Lakini kitenzi kilichozaa neno hilo hakina uchawi ndani yake. Kuganga ni kufunga kilichovunjika, kushikiza pamoja vipande viwili mpaka vishikane. Seremala aweza kuuganga mguu wa kiti, baharia akauganga mlingoti uliopasuka, na kifaa kishikizacho vipande hivyo huitwa gango. Mfupa uliovunjika nao hutiwa gango. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameuona mzizi huu, wenye maana ya kufunga na maana ya kutibu, katika eneo kubwa la bara letu, tangu Kongo, ambako nganga ni mtabibu, mpaka mwambao wa Bahari ya Hindi.

Ndugu yake kuganga ni kuunga. Twasema kuunga mfupa, na katika kitenzi hicho tumepata kiungo, maungo na muungano. Kiganda kina okuyunga, na mtu aungaye mifupa huitwa omuyunzi. Kinyarwanda kina kunga, chenye maana ya kuunga mfupa na vilevile kupatanisha watu waliogombana. Ndiyo sababu mabaraza ya wapatanishi ya Rwanda, yaliyowekwa na Katiba ya mwaka 2003, huitwa Abunzi. Mwalimu afundishaye Kiswahili kwa Waganda au kwa Wanyarwanda ana hazina hapa, maana wanafunzi wake wanalijua neno hilo tangu kwa mama zao, ila hawajaambiwa kwamba wanalijua.

Maneno haya yametunza historia ambayo vitabu vya shule huigusa kwa nadra. Vitabu husimulia wafalme, vita, mikataba, na magonjwa makuu yaliyofyeka mifugo. Mtu aliyeinama zizini alfajiri, akipapasa mguu wa ndama mmoja ili ajue mfupa umekatika wapi, hana ukurasa wake. Makala haya yanakusudia kumtafutia. Kadhalika yataeleza kwa nini watu wa nchi za Maziwa Makuu walihangaika mno juu ya mguu ule mmoja, na kwa nini tiba ya mifugo iliyoletwa na serikali za kikoloni haikuuona.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ndama wa kwetu alikuwa ufunguo wa maziwa. Ng'ombe wa Ankole, mwenye pembe ndefu, na ng'ombe wengi wa asili wa Afrika ya Mashariki, hawashushi maziwa yao kwa kukamuliwa tu. Ng'ombe huyo sharti amwone mwanawe, amnuse, amlambe, ndama anyonye kidogo kwanza, ndipo chuchu zilegee. Elimu ya leo inaeleza kwamba kunyonya huko huamsha homoni katika ubongo wa mama, nayo hufika kiweleni kwa njia ya damu na kuyasukuma maziwa yatoke. Wafugaji walilijua tokeo lake bila ya kulijua jina la homoni. Desturi ya kumkamua ng'ombe mbele ya ndama wake ni ya kale mno: katika jeneza la mawe la Kawit, mwanamke wa nyumba ya kifalme ya Misri aliyeishi takriban miaka 2000 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya ng'ombe akikamuliwa huku ndama wake amefungwa kwenye mguu wake wa mbele. Mfugaji yeyote wa Mbarara angeitazama picha hiyo na kuelewa mara moja yaliyokuwa yakitendeka.

Katika Ulaya hali iligeuka. Kwa karne nyingi wafugaji wa huko walichagua ng'ombe wanaotoa maziwa hata ndama asipokuwapo, na mwishowe ndama akawa kitu cha pembeni. Kwetu sisi ndama alipokufa, kibuyu nacho kilikuwa hatarini kukauka. Ndiyo maana wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika waliichuna ngozi ya ndama aliyekufa, wakamwekea mama yake ainuse na kuilamba. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wanuer wa Sudan kilichotoka mwaka 1940, ameeleza jinsi walivyoijaza ngozi hiyo majani makavu ili mama adanganyike. Hila hiyo ilisaidia, lakini haikuwa ya kutegemewa. Heri ndama mzima, na kama si mzima, basi kilema aliye hai.

Sasa twaweza kuelewa mahali alipowekwa ndama. Katika maboma ya Wahima wa Ankole, ndama wachanga hawakulala uwanjani pamoja na ng'ombe wakubwa. Walikuwa na kibanda chao, chenye majani makavu chini, na kazi ya kuwalinda ilikuwa ya watoto. John Roscoe, mmisionari aliyekaa Uganda miaka mingi na kuandika kitabu juu ya Wanyankole kilichochapishwa mwaka 1923, alistaajabia namna maisha yote ya bomba hilo la watu na ng'ombe yalivyokwenda kwa saa za kukamua na za kunyonyesha. Na tutazame jina lenyewe. Kinyankole husema enyana, Kiganda ennyana, Kinyarwanda na Kirundi inyana. Ndani ya majina hayo linasikika neno letu mwana. Kiswahili cha pwani, penye ng'ombe wachache, kina ndama, neno lisilo na sauti ya mtoto ndani yake.

Ndama huumia kwa njia nyingi, lakini mbili ndizo zionekanazo sana. Ya kwanza ni wakati wa kuzaliwa. Uzazi ukiwa mgumu, watu hufunga kamba kwenye miguu ya mbele na kuvuta. Mvuto ukizidi, mfupa ulio chini ya goti huvunjika kabla ndama hajavuta pumzi yake ya kwanza. Ya pili ni kukanyagwa, na mama yake au na ng'ombe mwingine, hasa mifugo inapojaa zizini au inapokurupushwa na fisi. Yako pia mashimo ya njiani, mawe ya mtoni, na mbwa.

Yatendwayo baada ya hapo yana utaratibu wake. Kwanza, ndama hutulizwa alale ubavu, mtu mmoja akimshika kichwa na kumfunika macho. Mganga hupapasa. Kidole humwambia kama mfupa umekatika au kiungo kimeteguka. Mfupa uliokatika hukwaruzana, na kiungo kilichoteguka huvimba na kukataa kukunjika. Kisha mguu huvutwa taratibu mpaka unyooke, na ulinganishwe na mwenzake. Ndipo huja banzi za mianzi, au za mti mwepesi, zikiwa zimetandikiwa kitu laini ndani: majani, maganda makavu ya mgomba, au matambara. Banzi huzungukwa na kamba ya gome au ya mgomba. Mganga hodari hulifikisha gango lake juu ya kiungo kilicho juu ya jeraha na chini ya kile kilicho chini yake, kwani viungo hivyo vikichezacheza, mfupa nao hucheza.

Hapo kazi huwa haijaisha; labda ndiyo kwanza imeanza. Ndama asiyeweza kusimama hawezi kunyonya, na ndama mchanga asiyepata dang'a katika saa zake za mwanzo hukosa kinga ambayo hataipata tena kwa njia nyingine. Lazima ashikiliwe chini ya mama yake, au akamuliwe na kunyweshwa kwa mkono. Lazima ageuzwe ubavu huu na huu, asije akapata vidonda vya kulalia. Majani yake yabadilishwe, kwa sababu gango lililolowa mkojo huoza pamoja na ngozi iliyo chini yake. Kitovu kitazamwe, maana uchafu uingiao hapo husafiri hadi kwenye viungo na kuvivimbisha, hata mtu akadhani ndama amevunjika mguu wa pili. Nzi wafukuzwe jerahani, au sivyo patakuwa na funza. Haya yote yalikuwa kazi ya wanawake na watoto wa nyumba hiyo. Sifa za kuunga mfupa zilimwendea mganga. Mimi naona nusu ya sifa hizo, na huenda zaidi ya nusu, ilistahili kwenda kwao.

Mwili wa ndama husaidia pia. Mfupa mchanga hushikana upesi. Ng'ombe mkubwa, mzito, akivunjika mguu ni vigumu kumwokoa, lakini ndama wa siku chache aliyevunjika chini ya goti aweza kuondolewa gango baada ya wiki nne hadi sita, akaenda malishoni na wenziwe. Bahati hii ya maumbile ndiyo iliyowapa waungaji mifupa nafasi ya kujifunza. Kijana aliyetaka kuujua uganga huu angeweza kuanza na mwanakondoo au mwanambuzi, na makosa yake hayakuwa makubwa kama ya kumkosea mtu.

Tusiifanye historia hii kuwa ngano ya watu wasiokosea. Gango likikazwa kupita kiasi, damu haipiti. Ukwato hupoa, nyama hufa, na mguu uliokuwa na mvunjiko mdogo hupotea wote. Mfupa uliotoboa ngozi mara nyingi uliwashinda, kama ulivyowashinda madaktari wa Ulaya kabla ya ujuzi wa viini vya maradhi. Wapo waliounga mguu ukiwa umepinda, na ndama akachechemea maisha yake yote. Lakini tukipima kwa haki, tukumbuke kwamba plasta ya jasi, hiyo nguo iliyopakwa unga wa jasi na kuganda ikilowanishwa, ilitangazwa na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwaka 1852. Kabla ya hapo Ulaya nayo ilifunga mifupa kwa vijiti, vitambaa na kunasa kwa ute wa yai au wanga.

Mara moja moja Mzungu alifika na kuandika alichokiona. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari aliyesomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mpasuaji alinawa mikono kwa mvinyo wa ndizi, akalisafisha tumbo kwa mvinyo huo huo, akazuia damu kwa chuma cha moto, na mwishowe akalifunga jeraha kwa misumari myembamba ya chuma iliyozungushiwa nyuzi za gome. Mama na mtoto walipona. Felkin aliichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, na wasomaji wake walistaajabu. Aliandika kwa kuwa mgonjwa alikuwa mtu. Chuma cha moto kilikuwa pia chombo cha kila siku cha wafugaji kwa vidonda na uvimbe wa ng'ombe, lakini mguu wa ndama haukuwa habari ya kuvuta kalamu ya msafiri.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kupita katika Uganda, Ankole na nchi jirani, ukielekea kusini. Mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi. Mifugo ilikufa kwa wingi usiosemeka, na watu walioishi kwa maziwa wakafa njaa nyuma yake. Katika miaka iliyofuata kila ndama aliyesalia alikuwa mbegu. Makundi yaliyokuja kujaza tena malisho ya Ankole na ya Rwanda yalitokana na wachache hao, pamoja na wale waliotafutwa kwa kununua au kwa kuteka. Tukiwaza thamani ya mguu mmoja wa ndama jike katika mwaka 1892, tutaelewa kwamba gango halikuwa huruma peke yake.

Wakati huo huo ndipo tiba ya mifugo ya kizungu ilipofika, nayo ilikuwa na historia yake. Shule ya kwanza ya tiba ya wanyama katika Ulaya iliasisiwa Lyon, Ufaransa, na Claude Bourgelat, kwa idhini ya mfalme ya mwaka 1761, na sababu moja kubwa ilikuwa sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe wa nchi hiyo. Chuo cha London kilifuata mwaka 1791, na mkuu wake wa kwanza, Charles Vial de Saint-Bel, alikuwa amepata jina kwa kumpasua na kumpima Eclipse, farasi mashuhuri wa mashindano. Ugonjwa wa kundi zima, na farasi wa jeshi na wa matajiri: hayo mawili ndiyo yaliyoilea elimu hiyo. Hata Waarabu humwita tabibu huyo baytar, neno lililotokana na Kigiriki lenye maana ya mganga wa farasi. Hakuna mahali mtoto wa ng'ombe aliyevunjika mguu alipojengewa chuo.

Basi elimu hiyo ilipovuka bahari, ilikuja na macho yake. Robert Koch, bingwa wa Kijerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuona katika damu ya ng'ombe vijidudu ambavyo baadaye vilijulikana kuwa ndivyo viletavyo ndigana kali. Ugonjwa huo ulipewa jina la pwani yetu kwa Kiingereza, kwa sababu uliingia Rhodesia mwaka 1901 pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka huku. Mwaka 1904 Charles Lounsbury wa Afrika Kusini alieleza kwamba huchukuliwa na kupe wa kahawia. Wajerumani wakafungua maabara Mpwapwa mwaka 1905. Zikafuata karantini, majosho, chanjo za lazima, na amri za kuchinja. Mtumishi aliyekuja kuzitekeleza aliitwa Bwana Mifugo. Naomba mwalimu mwenzangu alitazame jina hilo na kulilinganisha na mganga. La kwanza limeanza na cheo. La pili limeanza na kitendo.

Sisemi kwamba kazi hiyo ilikuwa ya bure. Walter Plowright na wenzake walitengeneza Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960, chanjo bora ya sotoka, na mwaka 2011 mashirika ya kimataifa yalitangaza kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa pili kufutwa, baada ya ndui. Muguga huko huko, katika miaka ya 1970, ilitafutwa njia ya kuwakinga ng'ombe na ndigana kali, maradhi yauayo ndama wengi kuliko kukanyagwa na kuvutwa kwa kamba kukijumlishwa. Hakuna gango liwezalo kulingana na hayo. Ninalosema ni kwamba Bwana Mifugo alihesabu vichwa. Alikuja kwa siku ya chanjo, akaondoka. Ndama aliyevunjika mguu siku ya pili alirudi mikononi mwa waliokuwapo.

Makerere ilipata kitivo chake cha tiba ya mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vijana wetu wakajifunza kuunga mifupa kwa plasta na kwa vyuma. Lakini wataalamu walikuwa wachache, na katika miaka ya 1980 na 1990, serikali nyingi za Afrika zilipobanwa na madeni, huduma za bure za mifugo zilipunguzwa na wafugaji wakaambiwa wajilipie. Wakati huo ndipo wasomi walipogeuka na kumtazama mganga wa zizini. Mwaka 1986 Constance McCorkle, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilipa eneo hilo la utafiti jina la kitaalamu, na mwaka 1996 ukatoka mwongozo mzima juu ya tiba za jadi za mifugo katika Kenya. Uganga wa ndama ukawa umeingia katika maktaba, baada ya kusubiri nje muda mrefu.

Ajabu ni kwamba umeingia wakati ndama mwenyewe anabadilika. Katika wilaya za magharibi mwa Uganda ng'ombe wengi leo ni wa damu ya Friesian. Hawa hukamuliwa bila ndama kuwapo, na maziwa ayanywayo ndama ni maziwa yasiyouzwa. Ndama jike hutunzwa kwa kuwa atakuwa mkamuliwa. Ndama dume, ambaye zamani alimfungulia mwenyewe kibuyu kwa kuwapo kwake tu, sasa huhesabiwa gharama. Akivunjika mguu, hesabu ya nyumba ni fupi: dawa kiasi gani, maziwa kiasi gani, mchinjaji atatoa kiasi gani. Ufunguo umeondolewa kwenye kufuli, na thamani yake imeondoka nao. Mkono uliojua kukaza gango bila kuzuia damu hukosa kazi, na mkono usiofanya kazi haufundishi mwingine.

Rwanda kuna hesabu nyingine. Tangu mwaka 2006, katika mpango uitwao Girinka, kaya maskini hupewa ng'ombe mmoja, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza atakayezaliwa apewe kaya nyingine. Kukabidhi huko huitwa kwitura, yaani kulipa wema. Ndama huyo, tangu siku anapodondoka kwenye majani, ana mwenyeji na ana mwenyewe, na mwenyewe yuko nyumba ya pili akimngoja. Mguu wake ukivunjika, anayeitwa kuunga mfupa na anayeitwa kusikiliza kama palikuwa na uzembe, wote wawili wataitwa kwa kitenzi kile kile, kunga.